Maswali ya Bustani: Mwasmini Umejaa Majani, Asmini Hakuna

Barua za mwezi huu kutoka Lamu zinalia kilio kimoja kwa sauti tofauti. Mwasmini umepandwa, umeshika, umeota, lakini asmini za kikuba, yale maua ya kunukia wanayofunga na kuvaa wanawake, bado zanunuliwa. Tumechagua tano.

Assalaam aleikum. Mwasmini wangu uko kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, una miaka mitatu na umepanda ukutani hadi dirisha la juu. Naupa samadi ya punda kila mwezi na maji kila siku. Majani yamekoza kijani, ila maua nayahesabu kwa vidole. Nimekosa nini?
*Mama wa Mkomani*

Wa aleikum salaam, mama. Hukukosa kitu, umezidisha. Samadi ya kila mwezi inaushibisha mmea naitrojeni, na mwasmini ulioshiba hivyo hurefuka na kutanda majani tu. Nusu ndoo ya lita 20 mara mbili kwa mwaka yatosha: moja masika yakianza, moja wakati wa vuli. Tena iwe samadi iliyooza. Irundike mahali penye kivuli, inyunyizie maji kidogo, ifunike kwa gunia na uigeuze kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu haitoi tena joto wala harufu ya zizi. Samadi mbichi iliyochanganyika na mkojo wa punda ina chumvi inayounguza mizizi, na mbegu za nyasi alizokula huyo punda zitaota zote shinani mwa mwasmini wako.

La pili ni jua. Mwasmini wataka saa sita za jua kamili kwa siku, na kiwanda cha nyumba ya mawe, kwa vile kuta zake ni ndefu, mara nyingi hupata mbili au tatu. Usikisie. Chukua kipande cha chokaa, uchore sakafuni mwisho wa kivuli saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Kama shina linaguswa na jua mchana tu, hakuna mbolea itakayokufaa. Kata vitawi, uoteshe vipya (tazama jibu la dada wa Shela), uviweke kwenye vyungu juu darini, pale juu ya paa penye jua.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo watu wanaloliogopa: kisu. Matumba ya asmini hutoka kwenye ncha za matawi mapya. Tawi la mwaka juzi, hilo lililofika dirishani, limebaki kubeba majani. Mwishoni mwa Machi, kabla ya masika, punguza mmea wote kwa nusu ya urefu wake. Ondoa kabisa matawi makavu na yale yanayosuguana. Tumia kisu kikali au mkasi wa bustani, ukate kama nusu sentimita juu ya kifundo, pale majani mawili yanapokabiliana. Kila kifundo ulichokiacha juu kitatoa machipukizi mawili, na hapo ulipokuwa na ncha moja ya kuchanua utakuwa na mbili.

Kwa wiki tatu hivi utaona haya kuutazama. Vumilia. Matumba ya kwanza huonekana baada ya miezi miwili, zaidi au pungufu kidogo kwa kadiri ya mvua. Tangu hapo, kila tawi likimaliza kuchanua, likate ncha hadi jozi ya pili au ya tatu ya majani. Ukilifuata hilo, mmea hautakaa muda mrefu bila maua, isipokuwa miezi ya baridi ya kusi, ambapo hupunguza wenyewe.

Majani ya juu yamekuwa manjano lakini mishipa yake imebaki kijani. Jirani aliniambia nitie jivu la jikoni. Nimetia, hali imezidi. Maji ni ya kisima.
*Msomaji, Langoni*

Jivu liache leo hii. Udongo wa mji wetu ni mchanga wenye matumbawe, na karibu na ukuta umechanganyika na kifusi cha chokaa kilichobanduka miaka na miaka. Chokaa hufunga madini ya chuma: yamo udongoni, lakini mizizi haiwezi kuyanyonya. Jivu nalo lafanya kazi ileile ya chokaa. Jirani hakuwa na nia mbaya. Ushauri wake unafaa kwa udongo mchachu wa bara, si hapa.

Tofautisha dalili tatu, maana dawa zake si moja. Majani *machanga* ya manjano yenye mishipa ya kijani ni ukosefu wa chuma. Majani *makuukuu* ya chini yakigeuka manjano yote mpaka mishipa, ni njaa ya samadi. Kingo za majani zikiwa za kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni, hiyo ni chumvi.

Kwa chuma, nunua salfeti ya chuma kwenye duka la pembejeo. Koroga gramu 5 katika lita moja ya maji, upulize majani jioni, juu na chini, mara moja kwa mwezi hadi rangi irudi. Usiimwage shinani, chokaa itaifunga kabla haijafika popote. Na kabla ya kupuliza, tundika gunia au leso kuukuu ukutani nyuma ya mmea. Dawa hiyo huacha madoa ya kutu yasiyotoka kwenye lipu nyeupe.

Dawa ya kudumu ni shimo jipya. Lichimbwe sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, mbali na ukuta kwa hatua moja nzima. Kifusi chote kitoe. Jaza kwa kipimo hiki mpaka shimo lijae: kwa kila karai mbili za udongo mwekundu au mweusi wa bara, unaovushwa kutoka upande wa Mokowe, karai moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga.

Kuhusu kisima, onja maji. Ukisikia chumvi ulimini, mwasmini nao unaisikia. Kinga maji ya mvua uyaweke kwa ajili yake, au angalau kila wiki mbili mwagia maji matamu mengi kwa mara moja, ndoo nzima, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kumwagia kikombe kikombe kila siku ndiko kunakoilimbikiza juu. Ule ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu ndio chumvi yenyewe.

Nimeweka vitawi kwenye glasi ya maji mara nne, vyote vimeoza. Je, naweza kupata mbegu?
*Dada wa Shela*

Mbegu sahau, dada. Asmini hii ya kikuba ni nadra kuzaa, na atakayekuuzia mbegu zake huenda akakuuzia kitu kingine. Glasi pia iache.

Wakati wa masika chagua tawi lisilo laini kama chipukizi wala gumu kama kuni. Likikunjwa lipinde kidogo kisha livunjike. Kata kipande cha sentimita 12 hadi 15 chenye vifundo vitatu au vinne. Kata ya chini iwe mshazari, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani yote ila jozi ya juu, na hayo uyakate nusu. Vifundo viwili viingie udongoni.

Udongo wenyewe ni mchanga nusu na usumba wa nazi uliochambuliwa nusu. Mchanga wa pwani uoshe kwa maji matamu mara tatu, na usumba uloweke usiku kucha, uyamwage maji yake. (Mchanga wa vilima vya Shela usiuguse. Chini yake ndiko maji matamu ya mji yanakohifadhiwa.) Funika kila kitawi kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kizibo ukitoe. Weka kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita vuta taratibu: kikikataa kutoka, kina mizizi.

Kama una mmea mkubwa, kuna njia rahisi zaidi. Laza tawi la chini ardhini, likwaruze upande wa chini penye kifundo, lifukie na ulikandamize kwa jiwe. Likate kutoka kwa mama yake baada ya miezi mitatu.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye vifundo, na sisimizi wamejaa.
*Msomaji, Matondoni*

Hivyo ni wadudu waitwao vidung'ata. Wanafyonza utomvu na kutoa maji matamu kama sukari. Sisimizi wanayala, na kwa malipo wanawalinda. Usiposhughulika na sisimizi, utaosha kila wiki bila faida. Kata matawi yanayogusa ukuta, kwani ndiyo madaraja yao. Koroga vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji katika lita moja, osha vifundo kwa mswaki wa zamani, kisha puliza mmea wote jioni. Rudia kila siku ya saba, mara tatu. Asmini za kuvaa zichume kabla ya kupuliza.

Nichume saa ngapi ili kikuba kisinyauke kabla ya harusi kumalizika?
*Bibi wa Mkomani*

Saa kumi hadi saa kumi na moja alasiri, bibi, matumba yakiwa yamefumba. Tazama kishada kimoja kwa karibu: tumba la katikati ndilo hutangulia, yale ya pembeni hufuata siku zijazo. Chuma lililonenepa na kuwa jeupe pepe hadi kikonyoni. Lenye ukijani halitafunguka, hata likilala kwenye maji. Yatandaze juu ya kitambaa chenye unyevu bila kuyarundika, uyafunge pamoja na mrehani na mkadi baada ya magharibi, yanapoanza kufunguka yenyewe. Lililogeuka zambarau limeshapita siku yake, liache lianguke.