Kwa mnaorekodi harusi huku mnaota filamu

Mwaka wangu wa tatu wa kurekodi harusi, nilianza kuionea aibu kamera yangu. Nilitaka kutengeneza filamu, lakini kodi ya chumba ililipwa na keki na shampeni za watu. Ndipo nilipomsoma Im Kwon-taek, mwongozaji wa filamu wa Korea Kusini, na ninawaomba nanyi mumjue.

Kwao ni Jangseong, Jeolla Kusini. Vita vya Korea viliiacha familia yao pabaya kwa kushukiwa ukomunisti, naye akaondoka nyumbani akiwa kijana, akafanya vibarua Busan. Mwaka 1956 aliingia Seoul, akawa msaidizi wa kazi ndogondogo kwa mwongozaji Jeong Chang-hwa, malipo yakiwa chakula na mahali pa kulala. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1962. Ndani ya miaka kumi hivi akawa ameongoza kama 50! Kampuni zilitaka idadi, kwa kuwa kibali cha kuingiza filamu za nje kilitegemea ngapi umetengeneza nyumbani. Baadaye yeye mwenyewe hakuzionea fahari.

Lakini angalia: hakuacha kazi akasubiri sanaa imfuate. Aliendelea kupiga kazi, huku akibadilisha anachokitazama. Mandala ya 1981, kuhusu watawa wawili wa Kibudha, ilimpa heshima mpya. Mwaka 1993 ikaja Seopyeonje, kuhusu familia ya waimbaji wa pansori, ule uimbaji wa hadithi unaosindikizwa na ngoma moja. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kikorea kuvusha watazamaji milioni moja Seoul. Tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, lilimpa tuzo ya mwongozaji bora 2002.

Humo Seopyeonje kuna njia ya vumbi kati ya kuta za mawe. Baba, binti na kijana wanatokea mbali, wadogo kabisa, wanakuja wakiimba. Kamera haisogei. Wanavyokaribia, ngoma inaingia, mabega yanaanza kucheza, uchovu wa safari unageuka furaha mbele ya macho yako. Zaidi ya dakika tano, bila kukata hata mara moja.

Mimi nilikuwa nakata kila sekunde mbili, nikiogopa watu watachoka. Wiki ile, kwenye harusi Morogoro, nilisimamisha kamera kwenye stendi nikaiacha. Bibi yake bwana harusi alitoka getini na zawadi kichwani. Akasimama, akafunga khanga upya, akapiga kigelegele peke yake, akaendelea. Dakika tatu nzima. Ningekuwa na haraka yangu ya kawaida, ningebaki na zawadi tu.

Kwa hiyo Jumamosi hii, ukishamaliza picha alizolipia mteja, chagua sehemu moja. Simamisha kamera, usivute, usigeuze, hesabu mpaka 180. Kipande hicho kihifadhi kwenye folda yake, na tarehe. Mimi ninavyo 41 sasa, na filamu yangu fupi ya kwanza inaanza na yule bibi, kwa ruhusa yake.