Kabla Hujakubali 1099 Kwenye Mjengo wa Texas

Msomaji wetu wa Dallas ana kibali cha kazi na anafunga bodi za jipsamu kwenye nyumba mpya. Ametuandikia akiuliza kama wasio na makaratasi ndio wanaomshushia ujira. Nyapara wake humwambia: "Bei huitaki? Wapo kumi hapo nje wanaitaka."

Ujira unashuka kweli, na wa kwanza kuumia ni mtu kama yeye. Ripoti ya National Academies, taasisi ya wanasayansi ya Marekani, ya mwaka 2016 iliona kwamba kwa muda mrefu uhamiaji hauyumbishi sana mishahara ya wazawa kwa jumla. Pale ilipoonekana kushuka, waliobanwa zaidi walikuwa wahamiaji waliotangulia, kisha wazawa wasiomaliza sekondari. Fundi umeme mwenye leseni hagombei kazi na aliyefika juzi. Mbeba bodi anagombea naye kila asubuhi.

Ila nyapara amekuficha nusu ya habari. Tangu sheria ya mwaka 1986, mwajiri wa Marekani haruhusiwi kumwajiri mtu huku akijua hana ruhusa ya kazi, na kila mwajiriwa lazima ajaziwe fomu I-9, ya kuthibitisha ruhusa hiyo. Mkandarasi binafsi hajaziwi fomu hiyo. Basi kampuni kubwa haiajiri. Inampa kazi mkandarasi mdogo, naye anampa dalali wa vibarua, na dalali analipa taslimu au kwa 1099, fomu ya kodi ya mkandarasi binafsi, kana kwamba kila mbeba bodi ni kampuni. Ovataimu hakuna. Mchango wa mwajiri wa asilimia 7.65 wa Social Security (pensheni) na Medicare (matibabu ya uzeeni) hakuna. Bima ya kuumia kazini nayo hakuna, na Texas haiwalazimishi waajiri binafsi kuwa nayo. Mkandarasi anayelipa vyote hivi anapokonywa zabuni na asiyelipa. Ukikubali 1099, kibali chako hakikusaidii kitu: umelipwa kama asiye nacho.

Piga hesabu, tuseme kwa senti 20 kwa futi ya mraba. Bodi ya futi 4 kwa 12 ni futi 48. Wawili mkifunga bodi 40 kwa siku, ni futi 1,920, dola 384, yaani 192 kila mmoja. Kwa saa kumi ni dola 19.20 kwa saa, na wengi huishia hapo wakatamba. Siku tano ni dola 960. Kwa 1099 unabeba mwenyewe kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3 inayopigwa kwenye asilimia 92.35 ya mapato, unabaki na kama dola 824 kabla ya kodi ya mapato. Kwa W-2, yaani ukiwa mwajiriwa, hata ukilipwa kwa futi, mwajiri angedaiwa nyongeza ya nusu ya kiwango kwa saa 10 zilizozidi 40, dola 96. Jumla 1,056, ukikatwa asilimia 7.65 unabaki na 975. Umepoteza dola 150 kwa wiki, na bado hatujataja petroli, skurubu, wala bodi iliyovunjika kona ukakatwa wewe. Halafu dari: skurubu zake hukaa kila inchi 12, za ukutani kila 16, na shingo inauma. Ukikubali bei moja kwa zote mbili, umejipunja.

Wanaodhani dawa ni kufukuza watu watazame kusini mwa California. Kazi ya jipsamu ilikuwa ya chama cha wafanyakazi na ililipa vizuri. Miaka ya 1980 wajenzi wakakikwepa chama, bei zikaporomoka, wazawa wengi wakahamia kazi nyingine na Wameksiko wakashika nafasi. Mwaka 1992 maelfu ya Wameksiko hao, wakiwemo wasio na makaratasi, waligoma miezi mitano, wakadai ovataimu mahakamani, wakapata mkataba wa chama. Sheria ya ujira ya mwaka 1938 inamlinda hata asiye na kibali kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kuwacheka Wahondurasi mnaopanda nao jukwaa moja. Mwenzako akiogopa kudai, bei yake ya woga ndiyo utakayopewa wewe kesho.

Kabla ya bodi ya kwanza, uliza: W-2 au 1099? Ukuta bei gani, dari bei gani? Nani ananunua skurubu? Piga picha kibali cha ujenzi kilichobandikwa, upate jina la mkandarasi mkuu, maana dalali hubadilisha simu. Andika kila siku saa ya kuanza, ya kumaliza na idadi ya bodi. Usipolipwa, una siku 180 za kudai Texas Workforce Commission, ofisi ya kazi ya jimbo. Kwa madai ya shirikisho ni miaka 2, au 3 kama mwajiri alivunja sheria kwa makusudi. Umeshapewa 1099 na wao ndio wanaokupangia saa na namna ya kufanya kazi? Peleka fomu SS-8, ya kuomba iamuliwe kama wewe ni mwajiriwa, kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na wakati wa kodi jaza fomu 8919 ulipe sehemu ya mwajiriwa tu.

Kwa muda mrefu zaidi, ondoka kwenye kazi isiyo na leseni. Texas haitaki leseni kwa jipsamu wala kuezeka, inaitaka kwa umeme na bomba. Ukijisajili kama mwanagenzi wa umeme, saa zako zinahesabika hadi 8,000 za kuwa fundi kamili. Miradi ya serikali ya shirikisho inayozidi dola 2,000 nayo hulipa viwango vya sheria ya Davis-Bacon. Kaunti nyingine viwango hivyo ni vya chini, kwa hiyo visome kwanza. Lazima vibandikwe eneo la kazi, na usipoviona, uliza viko wapi kabla hujavaa mkanda wa zana.