Jibu: Usinunue hizo 205/70R15 za bei poa kwa Hilux ya simiti

Simama hapo hapo. Usitume hata hela ya kushikilia mali.

Wasema una Hilux ya kabini moja, wabeba simiti na chumvi kati ya Gongoni, Malindi na Marafa, tairi zako za 205/70R15C zimebaki vipara, na kuna muuzaji amekupatia nne mpya, 205/70R15 96T, kwa bei inayokukosesha usingizi. Akakuambia "saizi ni saizi, bosi". Halafu ukauliza mambo mengine chungu nzima: A/T (tairi za lami na njia mbaya) au M/T (za matope), mtumba wa Japani au mpya, zote nne au mbili tu, rimu pana. Hayo yatangoja. Kwanza tuitafute hiyo herufi C iliyoponyoka njiani kati ya tairi zako za zamani na hizo unazoonyeshwa.

205/70R15 ni vipimo vya umbo, basi. Upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Zitaingia kwenye rimu bila shida na pikapu itasimama vile vile, na hapo ndipo mtu anaponaswa, kwa sababu macho hayaoni tofauti yoyote. Tofauti iko kwenye namba inayofuata. Zako zimeandikwa 106/104R. Hizo mpya ni 96T. Namba hiyo ndiyo ya mzigo: 96 ni kilo 710 kwa tairi moja, 106 ni kilo 950. Ile 104 baada ya mkwaju ni kilo 900, ya magari yenye tairi pacha nyuma, wewe haikuhusu. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: R ni kilomita 170 kwa saa, T ni 190. Kuna wauzaji wanaoitumia hiyo T kama sifa, ati ni tairi ya kasi zaidi. Sawa, siku ukianza kupeleka simiti Marafa kwa 190, turudi tuijadili.

Sasa chukua kalamu. Hilux ya kabini moja ikiwa tupu, ekseli ya nyuma chukulia inabeba kilo 600. Mfuko wa simiti ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja. Bodi imekaa karibu yote juu ya ekseli ya nyuma, basi katika hiyo tani, kilo 900 hivi zinashukia nyuma. 600 na 900 ni 1,500. Gawanya kwa mbili: kila tairi ya nyuma imebeba 750. Tairi ya 96 mwisho wake 710. Umeshapita kikomo kwa mzigo halali, gari likiwa bado limesimama, hujakutana na shimo wala tuta. Marekani, tairi ya gari dogo ikifungwa kwenye pikapu, kilo zake za mzigo hugawanywa kwa 1.1 kwanza, kwa sababu kazi ya pikapu ni ya kupondwa. 710 inashuka hadi 645. Kwa 106 una 950, yaani akiba ya kilo 200 kwa kila tairi, na hiyo akiba ndiyo inayomeza mashimo.

Lakini hakuna anayebeba mifuko 20, au siyo? Tuweke 30. Hapo nyuma panafika karibu kilo 1,950, na kila tairi 975. Hata C yako ya 106 imepitwa. Nalisema mapema ili mtu asije akanunua tairi sahihi kisha akadhani kapewa leseni ya kupakia hadi springi zilale.

Kwa nini kikomo hiki si maneno ya karatasi tu? Tairi iliyozidiwa hujikunja ubavuni kila inapozunguka, na kila mkunjo unazaa joto. Joto hilo halina pa kutokea. Lami ya hapa saa nane mchana inaliongeza, mwendo unaliongeza, na gundi ya mpira iliyoshika mikanda ya waya chini ya meno inaanza kuachia. Kwa nje huoni kitu. Ndiyo maana tairi haipasuki siku ya kufungwa wala wiki ya kwanza: inaharibika kimyakimya safari baada ya safari, halafu inaachia siku moja kwenye barabara nzuri kabisa, kwa mwendo mzuri, na watu wanasema ni jua. Jua limesingiziwa sana. Ngozi ya meno ikibanduka inachapa bodi na vikinga-tope, ukiwa na bahati mbaya inang'oa na paipu ya breki, na pikapu yenye tani nyuma inaanza kuyumba. Dalili zipo ukizitaka: kiti kinatetemeka kwa mwendo fulani ingawa umepiga balansi, au ukipitisha kiganja juu ya meno unakuta kinundu. Kinundu hicho hakizibwi wala hakikandwi. Tairi hiyo imekwisha.

Na huyo muuzaji anajua. Hilo ndilo linalochoma. Mtu anauza tairi mwaka mzima, namba ziko ubavuni zimechapwa na kiwanda, halafu anakutazama usoni akisema saizi ni saizi. Ukimbana anakuja na utetezi wa pili: "hii ni XL, imeongezwa nguvu". XL ni kweli ina nguvu zaidi, lakini kwa kawaida inapandisha namba ya mzigo kwa tatu au nne tu. Kutoka 96 ukifika 100, hiyo ni kilo 800, na ukigawanya kwa 1.1 ni 727. Bado hujafika kwenye 750. Ukimbana tena anasema "jaza upepo mwingi, itabeba". Uongo mtupu. Tairi ya kawaida ya gari dogo hufikia kikomo chake cha mzigo kwenye upepo wa PSI 35 au 36, XL kwenye 41 au 42. Ukijaza 50 inakuwa ngumu kama jiwe la Jaribuni, lakini kilo zake zinabaki zile zile. Ukiona ubavuni pameandikwa upepo wa juu kabisa 44 au 51, hilo ni onyo la kutopita hapo, halisemi chochote kuhusu mzigo.

Upande wa pili wa kosa hili unawakuta hata walionunua vizuri. Tairi ya C ya plai nane (daraja la nguvu) inabeba kilo zake 950 ikiwa na upepo wa PSI 65 au karibu na hapo. Ukiipeleka kwa fundi wa pancha anayejaza 35 kila gari, liwe Probox au lori la maji, umenunua 106 ukaigeuza kuwa kitu dhaifu kuliko ile 96. Tazama bandiko la Toyota kwenye nguzo ya mlango wa dereva: mbele na nyuma hazilingani, na tupu na yenye mzigo hazilingani. Pima asubuhi, tairi ikiwa baridi. Ikishakimbia upepo hupanda wenyewe, na ukiupunguza ikiwa moto umeharibu hesabu yote. Nunua kipimo chako mwenyewe. Vile vya vituoni vimeangushwa chini mara nyingi kuliko nazi.

Ukiwa kwenye upepo wa 65, angalia na valvu. Zile za mpira za kawaida, TR413, mwisho wake ni 65 hasa. Omba za upepo mkubwa, TR600HP, zinazofika 80, au za chuma za kufunga kwa nati. Fundi akikuambia valvu ya zamani bado nzuri, mwache aitumie kwenye gari lake.

Kuhusu herufi, usichanganyikiwe. C inayokaa mwishoni mwa saizi, 205/70R15C au 195R14C, ni tairi ya gari la biashara. "Load Range C" iliyoandikwa peke yake pembeni ni daraja la plai sita. Plai nane ni D na plai kumi ni E. LT mwanzoni mwa saizi ni ya pikapu na malori madogo. P mwanzoni, au saizi isiyo na herufi yoyote mbele wala nyuma, ni ya gari dogo. Na "8PR", yaani plai nane, haina maana kuna nyuzi nane ndani, siku hizi ni daraja la nguvu tu, kwa hiyo usikubali mtu akuhesabie plai kwa kidole. Soma namba ya mzigo. Ikiwa chini ya ile ya kiwandani, weka tairi chini uondoke, hata kama ni bure.

Rimu nazo zina kikomo. Zile za aloi za urembo, nyingi zimechapwa kilo kwa nyuma au ndani, na kuna zilizoandikwa 690. Tairi ya 950 juu ya rimu ya 690 ni pikapu ya 690.

Mtumba wa Japani: tafuta neno DOT ubavuni, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno mengi kwenye tairi ya umri huo hayana faida, mpira umeshakauka. Kama ubavu unang'aa kuliko kiatu cha Idi, umepakwa dawa, ukunje kwa gumba utafute nyufa. Pia angalia kama mifereji imechongwa upya kwa kisu cha moto: kingo zake huwa kali, na vile vinundu vya kuonyesha uchakavu, vinavyokaa milimita 1.6 kutoka chini ya mfereji, havionekani tena kwa sababu vimechongwa pamoja. Tairi ya kuchongwa imebaki na mpira mwembamba juu ya waya, na wewe wabeba simiti.

Tyubu ndani ya tairi isiyohitaji tyubu, kataa. Inasuguana, inazidisha joto, na ikitoboka upepo unatoka wote kwa mpigo. Rimu ikivuja kwenye ukingo, na kwa chumvi ya Gongoni na Marereni itavuja tu, sugua kutu kwa brashi ya waya, upake rangi, ndipo ufunge tairi.

Ukiwa na hela ya mbili tu, mpya zende nyuma, na zote mbili za nyuma ziwe aina moja. Ikiwa Hilux yako ni 4x4, yaani injini inaweza kusukuma magurudumu yote manne, mzunguko wa mbele na nyuma ukiachana sana utaumiza giaboksi ndogo unapofunga 4x4 kwenye ardhi kavu. Speya nayo iwe C. Speya ya gari dogo kwenye pikapu yenye mzigo ni kuhamisha mkosi kutoka gurudumu hili hadi lile.

A/T yatosha kwa Marafa, M/T itakupigia kelele na kulika haraka kwenye lami. Mchanga wa Mambrui ukikukwamisha, shusha upepo hadi 20 gari likiwa tupu, toka, jaza tena kabla ya lami. Baada ya kufunga, kaza nati kwa mtindo wa nyota, kisha zirudie ukishakwenda kilomita 50 hadi 100.

Mengine uliyouliza nimeyasahau, nilikuwa na hasira. Piga picha mbili: bandiko la mlangoni, na ubavu wa tairi ya zamani ukionyesha 106/104R. Mpelekee muuzaji yeyote, umwambie akutumie picha ya ubavu wa tairi yake hasa, siyo ya katalogi, namba ya mzigo na DOT zikisomeka. Asiyetaka kuituma usimfuate. Atakayetuma, ziweke hapa kabla hujalipa tuzisome pamoja.