Kaskazi nyumbu wako kusini, kusi wako kaskazini

Mwezi huu nimeweka barua tatu tu na zote za wanyama, maana tangu niseme hapa kwamba nilikuwa dereva wa watalii Arusha kabla sijarudi zangu Tanga basi simu haipumui. Haya, twende.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mie nakaa Chumbageni, nina watoto watatu wote wapo shule, mwaka mzima tumejichanga na mama watoto tuwapeleke Serengeti wakaone nyumbu wanavyohama. Mama watoto anataka ile ya kuvuka mto na mamba, ashaiona kwenye simu basi hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Jamaa mmoja wa kampuni ya utalii kaniambia nyumbu wapo mwaka mzima, niende tu Disemba shule zikifungwa. Ni kweli? – Baba Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Jamaa kakwambia kweli ila kweli nusu. Nyumbu wapo mwaka mzima sikatai, ni zaidi ya milioni moja hao, ongeza pundamilia kama laki mbili na swala tomi nyuma yao, utawaficha wapi. Lakini Serengeti ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000, we ukiingia upande huu na wao wako upande ule utarudi Tanga umeona twiga na vumbi. Cha kumuuliza jamaa ni kwamba mwezi huo watakuwa upande gani, na akianza kubabaika ujue anauza tiketi tu.

Sasa sisi watu wa pwani hili jambo ni letu kabisa, sijui kwanini tunalipia watu watuambie. Shika hivi: kaskazi, ule upepo wa Disemba mpaka Machi, ikivuma nyumbu wako kusini, na kusi, ule wa katikati ya mwaka, ikivuma wako kaskazini. Basi. Wageni nilikuwa nawaeleza na ramani juu hawaelewi, ila mvuvi wa Sahare ukimwambia hivyo mara moja kamaliza, atakupangia safari mwenyewe.

Sio kwamba upepo ndio unawapeleka, wao wanafuata mvua na majani. Kuanzia Disemba mpaka Machi wako kule kusini kwenye tambarare za majani mafupi, pande za Ndutu, na wanapapenda kwa sababu udongo wa kule ni majivu ya volkano za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, majani yake yana chokaa na madini mengine ambayo nyumbu mwenye mimba au anayenyonyesha anayahitaji. Ubaya wake kule hakuna maji ya kudumu, mvua ikikata pamekauka, kwa hiyo masika yakielekea kuisha wanaanza kunyanyuka, wanapita katikati Seronera, Mei na Juni wengi wameelekea magharibi kwenye mto Grumeti, halafu Julai mpaka Oktoba wako juu kabisa kaskazini, Kogatende, kwenye mto Mara, maana huo ndio wenye maji kiangazi kikikaza. Wengine wanavuka mpaka Kenya na kurudi, hawana pasipoti hao. Novemba vuli ikianza wanashuka tena.

Kwa hiyo Disemba yako ukienda mto Mara hutakuta kitu, mama watoto atakununia mpaka Idd. Disemba wako njiani kushuka au ndio wamefika kusini, na inategemea vuli imenyesha vipi mwaka huo, ikichelewa nao wanachelewa. Sio mwezi mbaya, tambarare imejaa kijani na watoto watawaona, ila kuvuka mto hakuna na kuzaa bado, halafu wiki ya Krismasi na mwaka mpya bei zinapaa, kila kambi imejaa.

Mie ningekuwa wewe ningeangalia mwisho wa Juni, shule zimefungwa na nyumbu wako magharibi. Na hapa kuna kitu jamaa wa kampuni hawakwambii: kundi likiwa magharibi unaweza kuingilia Bunda kwa geti la Ndabaka, upande wa Ziwa Victoria. Ukipitia Arusha kwenda geti la Naabi unakatiza ndani ya Ngorongoro, na Ngorongoro ina mamlaka yake na Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yani unalipa huku na unalipa kule, na gari nalo linalipa. Kwa mtu wa Tanga kuzunguka Bunda ni mbali, siwezi kukudanganya, piga hesabu ya mafuta kwanza uone kama inalipa. Vitambulisho vya NIDA msisahau na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, raia tunalipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni, ila ukifika getini huna cha kuonyesha utabishana na askari mpaka jua lizame.

Kama mama watoto hataki kusikia kingine ila mamba, basi ile likizo fupi ya Septemba. Kutoka Arusha mpaka Kogatende usifanye siku moja na watoto, lala Karatu au Seronera. Halafu umwambie mapema kwamba kuvuka hakuna ratiba. Nimewahi kukaa na wageni pale ukingoni toka asubuhi, kundi limejaa maelfu linasogea linarudi, linasogea linarudi, saa tisa pundamilia mmoja akaingia akanywa maji akatoka, wote wakageuka wakaondoka. Wageni wakaniangalia mie kama ndio nimewakataza. Kesho yake walivuka dakika kama ishirini hivi, mgeni mmoja akalia machozi. Kwa hiyo weka angalau siku mbili mtoni, siku moja ni bahati nasibu.

Na masweta! Ukingo wa Ngorongoro upo zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, Juni na Julai asubuhi ni baridi ambayo sisi wa Tanga hatuijui, usiwapeleke watoto wa watu na fulana.

SWALI: Mjomba habari. Naolewa inshallah, mchumba kapata ofa ya kambi Serengeti mwezi wa nne nusu bei. Dada yangu anasema niikatae nisubiri Februari nyumbu wanapozaa. Mie naogopa ofa itatuponyoka. – Biharusi Mtarajiwa, Bagamoyo

JIBU: Nzuri mwanangu, hongera. Nusu bei mwezi wa nne ina sababu yake, ni masika. Kuna ule udongo mweusi wa mbugani ukilowa gari linakaa kama limegundishwa, mie nililala nao mara moja ndani ya Land Cruiser na wazee wawili wa kigeni, tumekula biskuti usiku kucha fisi wanazunguka, na wazee wenyewe walifurahi lakini sio fungate hiyo. Kambi nyingi za mahema zinafunga kabisa kipindi hicho. Ila kama iliyowapa ofa iko Seronera msiitupe, pale simba na chui wanakaa mwaka mzima, magari ni machache, na makundi yanaweza kuwa yanapita kati. Ulizeni tu barabara ya kufika kambini ikoje mvua ikinyesha.

Dada yako yuko sahihi kwamba Februari ni kitu kingine. Nyumbu wanazaa karibu wote kwa pamoja ndani ya wiki mbili tatu, ndama kama laki tano, anadondoka na dakika chache keshasimama, muda kidogo anakimbia. Wanazaa kwa mpigo ili fisi na simba na duma wale washibe na bado wabaki wengi, ukiwa pale unaona hesabu yenyewe inavyofanya kazi na sio kitu cha moyo mwepesi. Ila umeangalia mwandamo? Miaka hii Ramadhani imeangukia hapo hapo Februari na Machi. Musafiri karuhusiwa kula, sawa, lakini maharusi wangapi wa Bagamoyo wataaga mwezi mtukufu waende mbugani, mama mkwe atasemaje. Ukitaka ndama nenda mwishoni mwa Januari, baadhi wanakuwa wameanza.

SWALI: Mjomba sie wavuvi hela ya Serengeti hatuna. Huku kwetu hakuna wanyama wanaohama? – Nahodha, Bagamoyo

JIBU: Wapo nahodha, ila sio nyumbu wa maelfu. Mkomazi pale Same, basi la Arusha linapita karibu na geti lake, mvua zikinyesha tembo wanavuka kutoka Tsavo ya Kenya wanaingia kwetu, kiangazi wengi wanarudi. Kwa hiyo hapo ni kinyume cha mbuga nyingi, watu wanasubiri ukame waende, Mkomazi tembo wanakuja na mvua.

Na hapo mlangoni kwako Saadani, hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi. Pale hakuna uhamaji wa kutangazia, kuna twiga, kongoni, kuro, tembo, simba kwa bahati, viboko mto Wami, na Madete kasa wanapanda kutaga mayai. Zile picha za tembo anaoga baharini usizifanye ndio ratiba yako, inatokea mara chache mno. Nenda kiangazi, Julai mpaka Septemba, masika barabara ya huko inakuwa ni matope matupu.

Kingine, Saadani na kule Grumeti kuna mbung'o, na mbung'o anapenda rangi nyeusi na bluu. Baba Watatu na wewe sikia hili, mama watoto buibui jeusi aliache nyumbani avae la rangi ya udongo, na nahodha kama unakwenda na vijana wako mwenye jezi ya bluu abadilishe kabla hamjapanda gari, maana atawajazia hao wadudu ndani na dirisha hamtafungua tena.