Kisukari, nguvu za kiume na kidonge "kilichogoma"

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Nina miaka 49, niko Wete. Mwaka wa nane huu nina sukari. Natumia metformin 500 mg asubuhi na jioni, na kwa presha atenolol 50 mg. Sukari ya asubuhi kabla sijala huwa 11 hadi 13 mmol/L. Tangu mwaka jana uume husimama nusu kisha hulala, na manii hutoka kidogo mno au hayatoki kabisa. Nilimeza sildenafil 50 mg mara moja, usiku baada ya pilau, sikuona kitu. Na bado tunataka mtoto. Nifanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam. Una matatizo mawili, ndugu yangu, la kusimama na la manii. Tusiyachanganye, kwa sababu tiba zake ni mbalimbali.

Uume husimama kwa damu. Hamu ikija, mishipa ya fahamu hutoa ishara, misuli ya ndani hulegea, damu huingia ikajaa na njia zake za kutokea hubanwa. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu na utando wa ndani wa mishipa ya damu, vyote pamoja. Jichunguze alfajiri unapoamka kwa sala. Ikiwa wakati huo husimama imara lakini ukiwa na mkeo hulala, wasiwasi una sehemu kubwa. Ikiwa hata alfajiri hamna kitu, sababu zaidi ni mishipa.

Mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Mafuta yanayoiziba ni yale yale, na myembamba huonyesha dalili mwanzo. Basi kabla ya kidonge chochote, daktari akuulize kifua: ukibeba gunia la karafuu au ukipanda kilima, unabanwa? Kama ndiyo, moyo upimwe kwanza.

Atenolol nayo huweza kuchangia. Usiiache ghafla, presha itaruka na kifua kinaweza kuuma. Muulize daktari kama losartan itakufaa badala yake. Kwa mwenye kisukari husaidia kulinda figo pia.

Sasa kidonge. Hakikugoma, ulikimeza wakati mbaya. Chakula cha mafuta huchelewesha sildenafil na kupunguza nguvu yake, na pilau ya usiku ni mafuta kweli kweli. Imeze tumbo likiwa tupu au baada ya chakula chepesi, saa moja kabla ya tendo. Halafu, haileti hamu. Bila kushikana na kubembelezana hulala nayo bure. Wenye kisukari wengi huhitaji 100 mg, lakini daktari ndiye apandishe, na kamwe si zaidi ya mara moja kwa saa 24. Usihukumu kabla hujaijaribu vizuri mara 6 hadi 8. Asiyependa kupigia saa hesabu huandikiwa tadalafil 10 au 20 mg, ambayo haijali chakula na hufanya kazi hadi saa 36.

Anayetumia dawa za moyo za naitreti, kama kidonge cha kuweka chini ya ulimi au isosorbide, asiguse hizi kabisa. Presha huanguka, na mtu anaweza kufa. Dawa za tezi dume kama tamsulosin nazo zitajwe kwa daktari. Unga unaouzwa kama miti shamba ya nguvu uuache: katika nchi nyingi umekutwa umechanganywa sildenafil isiyopimwa. Supu ya pweza kunywa tu, ni chakula kizuri, lakini si dawa, na maboflo unayochovyea ndiyo yanayopandisha sukari.

La manii: yaonekana mlango wa kibofu haufungi, kwa hiyo manii hurudi nyuma kibofuni. Hayakudhuru, ila mimba ni shida. Kojoa mara baada ya tendo. Mkojo wenye ukungu kama maji ya kuoshea mchele ni dalili, na maabara hutafuta mbegu humo kwa darubini. Imipramine au pseudoephedrine husaidia baadhi kufunga mlango huo, lakini ya pili hupandisha presha, hivyo usijinunulie. Zikishindwa, mbegu huweza kuchujwa kutoka kwenye mkojo na kupandikizwa kwa mke katika kliniki za uzazi.

Testosteroni, homoni ya kiume, nayo hupungua kwa wengi wenye kisukari. Ipimwe asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kabla hujala, na irudiwe siku nyingine. Hata ikiwa chini, kataa sindano yake maadamu mnataka mtoto: korodani huacha kutengeneza mbegu, pengine hadi sifuri.

Na 11 hadi 13 ni juu mno. Lengo kabla ya kula ni takriban 4.4 hadi 7.2. Metformin yako ni ndogo. Figo zikiwa nzima huweza kufika 2000 mg kwa siku. Nenda kliniki na maboksi ya dawa zote, uombe HbA1c (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu), kreatinini (kipimo cha figo), mafuta ya damu na, kwa kuwa metformin ya miaka mingi huipunguza, vitamini B12. Upungufu wake huongeza ganzi ya miguu.

Ukianza kidonge, uume ukasimama zaidi ya saa 4 bila kulala, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.