Maswali yenu: Sauti ilikuwa ya kaka, pesa zimekwenda kwa nani?

SWALI: Asalaam aleykum. Naandika kutoka Wete. Wiki mbili nyuma bi mkubwa wetu alipata meseji za WhatsApp kutoka namba ya kaka yetu alieko Maskati, kisha ikaja voisi ya sekunde kama kumi, sauti ile ile ya kaka, anasema kapata matatizo na tajiri wake, anataka laki nne sa hivi, jioni atarejesha, atumiwe rafiki yake alieko Dar. Mama kenda kwa wakala katuma. Usiku kaka kapiga simu ya kawaida, anasema WhatsApp yake imeibiwa tangu asubuhi. Toka siku hio mama chakula hali vizuri, anasema yeye ndie mjinga. Imekuwaje sauti iwe yake? Na pesa zitapatikana? (Binti, Wete)

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu. Kabla ya yote kamwambie bi mkubwa kuwa mjinga sie yeye. Mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walieleza kisa cha mfanyakazi wa idara ya fedha wa kampuni kubwa, aliitwa kwenye mkutano wa video akamuona bosi wake na wenzake wanaongea, sura zao sauti zao, akatuma pesa karibu dola milioni 25, kumbe kwenye mkutano ule mtu wa kweli alikuwa yeye peke yake na wote wengine wametengenezwa kwa kompyuta. Huyo ni msomi na kazi yake ndio pesa, basi mama alosikia voisi ya sekunde kumi ya mwanawe utamlaumu kwa lipi?

Siku hizi kuna programu ukiipa kipande kifupi cha mtu anaongea inaweza kusema chochote kwa sauti yake. Na sisi vipande hivyo tumevijaza wenyewe, status, TikTok, voisi kwenye grupu la ukoo lenye watu mia mbili ambao nusu yao hatuwajui. Ama WhatsApp, mara nyingi huibiwa hivi: tapeli anaiandikisha namba yako kwenye simu yake, WhatsApp inakuletea wewe kodi, yaani namba ya kuthibitisha, ya tarakimu sita, halafu anakupigia kwa upole, "samahani kuna kodi imekuja kwako kwa makosa nisomee". Ukimsomea tu, keshaingia. Kaka yako aiandikishe upya namba yake, yule mwizi atatoka, kisha aingie settings atie namba ya siri ya hatua mbili ili hata mtu akiipata kodi akwame.

Lakini mimi naona sauti ilimtisha tu mama, pesa zilitoka kwa ile haraka. Utapeli wa zamani mnaukumbuka, "ile hela tuma kwenye namba hii". Ilikuwa inarushwa kwa watu chungu nzima bila ya kumjua hata mmoja, ikimkuta mtu ndio yuko njiani kumtumia mwenye nyumba kodi yake, huyo kaingia. Sasa hivi wanakuja na jina lako, la mwanao na mji anaokaa, kwa hivo ule mtindo wa kusema "mimi meseji za matapeli nazijua" hautusaidii tena. Kilichobaki vile vile toka enzi hizo ni kwamba hawakupi nafasi ya kuuliza.

Nilikaa kwenye kibanda cha uwakala Mwanakwerekwe miaka minne. Siku moja kaja mzee, simu kaibana sikioni kwa bega, mkono mmoja kashika noti zimo ndani ya mfuko wa nailoni, jasho linamtoka, ananiambia "tuma tuma mwanangu mtoto yuko hospitali". Jina likaja kwenye skrini nikamuuliza mzee wangu huyu unamjua? Akaigeukia simu akauliza, "Ee, jina lako nani wewe?" Nikaichukua ile simu taratibu nikaikata, nikamkalisha kwenye benchi nikamwambia sasa mpigie mtoto mwenyewe. Kapiga. Mtoto yuko skuli, ndio wanatoka kipindi. Mzee alikaa pale muda hasemi kitu, ile nailoni kaikamata kwa mikono miwili.

Kwa hivo nyumbani kwenu mkubaliane jambo moja, akiomba pesa yeyote kwa meseji au voisi mnakata, mnampigia kwa namba ya kawaida, na muwe na suala ambalo jawabu lake liko kwenu tu, kama jina la yule mbuzi wa bibi. Na jina linalokuja kwa wakala likiwa la mtu msiemjua, hakuna kutuma.

Pesa zenyewe, ungepiga kampuni ya simu dakika ile ile zingeweza kuzuiwa kama hazijatolewa. Baada ya wiki mbili matumaini ni madogo, sitokudanganya. Hata hivo nendeni polisi na ile meseji ya muamala, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu hawa, na meseji za utapeli zinazokuja kwa njia ya kawaida zipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyozituma. Halafu piga *106# uangalie kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

SWALI: Nilikopa elfu hamsini kwenye app, nimechelewa siku tatu tu wamewatumia meseji watu wote wa simu yangu mpaka ustadhi wangu wa chuoni kuwa mimi mwizi. Nifanyeje? (Kijana, Fuoni)

JIBU: Pole sana, hii ni aibu wanayoifanyia biashara. Ulipoipakua ilikuomba ruhusa ya kuona namba zako ukabonyeza ndio, hapo ndipo walipozichukua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na app 69 za mikopo zisizo na leseni, tafuta kama yako imo. Hifadhi zile meseji zote, kashtaki polisi, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu mtu kuzitumia namba za watu namna hio. Usikope app nyengine kulipa hii, nimewaona vijana wakifika app ya tano. Na kwa ustadhi nenda mwenyewe ukamueleze, usingoje akuulize.

SWALI: Imeingia meseji nimepokea 250,000, muda huo huo mtu anapiga analia kakosea namba nimrejeshee. Nimrejeshee? (Muuza duka, Konde)

JIBU: Usiguse kitu. Angalia salio kwenye menyu, meseji iache, maana meseji yoyote mtu anaweza kuiandika na kuituma. Ukikuta salio ni lile lile, meseji ni ya uongo. Ukikuta pesa zimeingia kweli basi mwambie apige huduma kwa wateja, kampuni ndio itayozirejesha, wewe usitume kwenye namba atayokutajia. Akiendelea kulia kata simu, umuhudumie mteja wako.