Kioo cha mashine kinasema chumvi iko sawa, mbona mke wangu katoka vipele?

SWALI: Habari mtaalamu. Mwezi uliopita nimefunga mashine ya chumvi ya bromini kwenye jakuzi la nyumbani, niliambiwa ukishaweka chumvi inajiendesha yenyewe, mambo ya vidonge vya dawa ya maji basi. Kioo chake kinaonyesha chumvi iko sawa. Ila Jumamosi tuliingia watu sita, Jumatatu mke wangu kaamka na vipele vyekundu vinawasha, vingi viko pale nguo ya kuogelea ilipombana. Nikaongeza chumvi lakini maji bado yana ukungu flani hivi. Nina unga wa klorini wa zamani umebaki, niumwage humo? Na mtoto wa miaka minne anaruhusiwa kuingia?

JIBU: Mpe pole sana mama. Kabla hujasoma mbele, huo unga uache hapo ulipo na leo asiingie mtu kwenye hilo jakuzi.

Sasa ndugu yangu tuelewane hapa maana watu wengi wanapotelea hapahapa: chumvi haiui vijidudu. Chumvi yako ni bromaidi ya sodiamu, yenyewe ikikaa tu ndani ya maji haifanyi kitu, ni mpaka maji yapite kwenye zile bamba za mashine zenye umeme ndo bromaidi inageuka bromini, na bromini ndo inayoua. Hicho kioo kinakusomea malighafi, hakikusomei dawa! Chumvi inaweza kuwa sawa kabisa huku bromini imeisha yote, na watu sita kwa mpigo na jasho lao na mafuta ya mwilini wanaimaliza haraka kuliko mashine inavyotengeneza, hizi mashine zinatoa kidogokidogo.

Kwa hiyo pima bromini yenyewe, kwa vikaratasi au kile kipimo cha matone, kila mara kabla watu hawajaingia. Inatakiwa miligramu 4 mpaka 8 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, kati ya 7.0 na 7.8. Kama kipimo chako ni cha matone ya klorini usikitupe, zidisha jibu mara 2.25 unapata bromini.

Vipele kama hivyo, vya kutokea siku moja mbili baada ya kuingia na kukaa zaidi chini ya nguo, mara nyingi vinaletwa na bakteria anaitwa Pseudomonas, anapenda sana maji ya moto yaliyopungukiwa dawa. Kwa kawaida vinaisha vyenyewe ndani ya siku kadhaa, visipoisha aende hospitali. Na akipata homa na kikohozi asisubiri kabisa, amwambie daktari kwamba aliingia jakuzi, maana kuna bakteria mwingine, Legionella, huyo anapita kwenye ule mvuke mtu anaouvuta na anashambulia mapafu.

Maji hayo mimi ningeyamwaga yote. Najua inauma, chumvi yako inaenda nayo, lakini bakteria hao wanajificha kwenye utelezi ndani ya mabomba na kwenye filta, sugua vizuri, badilisha filta, ndo ujaze upya. Chumvi ipimwe kwa lita: kitabu cha mashine kikisema gramu 2 kwa lita, jakuzi la lita 1,500 linataka kilo 3, unaimwaga taratibu pampu ikizunguka na mashine ya bromini ikiwa imezimwa mpaka iyeyuke yote. Na usiweke chumvi ya mezani kwa kudhani ni ileile, hiyo itakutengenezea klorini. Baadae kumbuka maji yakipungua kwa mvuke chumvi inabaki, hapo unaongeza maji tu, ila yakimwagika nje ndo unafidia chumvi ya zile lita zilizotoka.

Siku ya wageni, wakishatoka tu weka dozi ya potasiamu monopasalfeti, haina klorini, inaunguza uchafu na inaamsha bromaidi iliyolala humo. Na wiki ambayo haingii mtu punguza mashine, mfuniko umefungwa jua halifiki bromini inapanda tu, ukipima ukakuta imepita 10 zima, funua, subiri ishuke.

Kuhusu ule unga. Klorini ikiingia kwenye maji yenye bromaidi inageuka bromini, kwa hiyo tatizo sio maji, tatizo ni huko stoo. Unga wa zamani hujui ni aina gani, na dawa za aina tofauti zikigusana zikiwa kavu, hata kwa kuchotwa na kijiko kimoja, zinaweza kuwaka au kulipuka. Hilo silifanyii mzaha hata kidogo. Kila dawa na kijiko chake, na siku zote ni dawa unatia kwenye maji, usimimine maji kwenye dawa.

Mtoto wa miaka minne hapana, walio chini ya miaka 5 wasiingie jakuzi hata bromini iwe sawa, miili yao inapata joto kupita kiasi haraka mno. Na nyie wakubwa maji yasizidi nyuzi 40.